Buti za ngozi ya ng'ombe kutoka kwa fundi wa Mwanjelwa: miezi 14 matopeni

Buti hizi nilishonewa na fundi mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa 75,000. Nimezivaa miezi 14, nyingi yake kwenye matope ya Isyonje kwa wakulima wa viazi, na mpaka leo kilichobadilishwa ni kamba tu.

Nilifika kwake kwa hasira. Duka moja mjini lilikuwa limeniuzia buti za 90,000, laini, zinang'aa, hazina hata kovu, na kwenye ulimi wa kiatu zimepigwa muhuri wa dhahabu wa Kiingereza kwamba ni ngozi halisi. Mvua hazijakatika, pale mguu unapojikunja pakaanza kubabuka. Nikarudi na risiti, nikaambiwa nimezitumia vibaya.

Mzee hata gundi hakuishika. Alichukua kisu, akakata kipande pale palipobabuka, akanipa mkononi. "Bwana shamba, angalia ukingo, acha kuangalia uso." Juu kulikuwa na utandu wa plastiki wenye rangi. Chini yake, nyuzi za ngozi zenye manyoyamanyoya, ukizivuta kwa kucha zinatoka. Ngozi ya ng'ombe ni nene, kiwandani mashine huipasua matabaka. La juu, upande uliokuwa na manyoya, nyuzi zake zimesukana na kubana. Hilo ndilo gumu. La chini limelegea, kwa hiyo hupakwa plastiki na kugandamizwa lionekane lina vinyweleo. Yaani muhuri wangu haukudanganya, ngozi ilikuwemo. Afadhali ungekuwa uongo, ningejua pa kulalamikia.

Akaniomba na mkanda niliovaa. Akaukunja, ukakatika kama biskuti: makombo ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimeshikilia suruali.

Kipimo chake kingine ni kiberiti, ila ni kwa vipande vilivyobaki, usiende kuchoma mali ya watu dukani. Ngozi bandia iliyeyuka ikadondosha tone jeusi, harufu ya plastiki. Ngozi yenyewe ilijikunja, ikanuka kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa.

Kisha akanitandikia vipande viwili nichague. Kimoja ukikikata ndani kina rangi ya kijivu inayoelekea buluu: kimelainishwa kwa chumvi za kromu, kazi ambayo haichukui siku nyingi. Cha pili ni kahawia mpaka katikati, kigumu kidogo, kimekaa wiki kadhaa kwenye maji ya magome. Magome gani? Miwati. Nimepita katikati ya miwati ya Njombe sijui mara ngapi nikiiona kuni na mkaa, kumbe kampuni ya TANWAT, iliyoanza mwaka 1949, iliipanda hapo kwa ajili ya magome hayo hayo, yakamuliwe dawa ya ngozi. Kwa buti nilichukua ya kromu kwa sababu hujikunja vizuri na huvumilia maji. Ya miwati nikashonewa mkanda.

Tulibishana kitu kimoja. Ngozi ya buti ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo wa mwiba na vidoa vya kupe, nikataka anibadilishie. Akakataa. Alisema uso usio na alama hata moja mara nyingi umesagwa na kupakwa upya, na ukisagwa ndiyo umepunguzwa nguvu. Anachokwepa yeye ni chapa ya moto, maana pale ngozi imekauka na itapasuka. Leo ule mkwaruzo ndio unaonisaidia kutofautisha kushoto na kulia alfajiri umeme ukikatika.

Kasoro zipo. "Njoo kesho" ilichukua siku tisa. Soli ya tairi ni nzito na inalia kwenye vigae vya ofisini, kila mtu anajua nimefika. Wiki ya kwanza zilinichubua kisigino. Mkanda nao ulinyeshewa, ukaniachia rangi kwenye suruali ya krimu, haijatoka mpaka leo.

Kosa moja ni langu. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, nilizianika kando ya jiko la mkaa. Asubuhi ncha ya kulia ilikuwa ngumu kama gamba, imepata ufa mdogo. Siku hizi nazijaza magazeti, naziweka kivulini, zikikauka napaka mafuta kidogo kabla ya kiwi.

Ukienda kwake, omba uone kingo kabla hajazipaka rangi. Mimi nimeshaagiza mkoba wa mke wangu, nusu nimelipa. "Njoo kesho" ya leo ni ya nne.