Wavu wenye sketi: uzoefu wangu na nguruwe pori waliokuwa wakifukua ukoka nyumbani

Naishi Usa River, upande wa juu wa barabara ya Arusha–Moshi. Hifadhi ya Taifa ya Arusha haiko mbali, na kati yetu na hifadhi kuna migomba, kahawa na vichaka vya mtoni. Wanyama hupita humo. Miaka yote tuliishi nao bila ugomvi, mpaka nilipopanda ukoka mbele ya nyumba.

Niliupanda kwa ajili ya mama. Alifanyiwa upasuaji wa goti, akaambiwa atembee kila siku mahali tambarare. Barabara yetu ni ya mawe matupu, kwa hiyo nikamtengenezea uwanja wa kutembelea pekupeku, asubuhi kabla jua halijawa kali.

Agosti mwaka jana nikaamka nikakuta pande zima limepinduliwa kama limelimwa kwa plau: mizizi juu, majani chini, umande bado haujakauka. Nikachuchumaa, nikafumua udongo kwa kidole. Ndani kulikuwa na buu jeupe lililojikunja, kichwa cha kahawia, nono kama ncha ya kidole changu cha mwisho. Kumbe nguruwe pori walifuata mabuu hayo. Kiangazi ardhi ya jirani zote huwa ngumu kama sakafu, ila kwangu, kwa kuwa namwagilia, udongo ni laini na mabuu ya mbawakawa yako karibu kabisa na juu. Nguruwe pori hutembea usiku kwa kundi, na kwa pua zao uwanja mzima unaharibika kabla hujageuka ubavu wa pili.

Pembeni, kwenye yungiyungi, kulikuwa na mashimo ya namna nyingine, yameenda chini moja kwa moja. Vitunguu vya maua vimeliwa, na mwiba mmoja mrefu wenye madoa meusi na meupe umebaki pale. Huyo alikuwa nungunungu. Siku hiyo mama hakutoka nje. Goti lile likiingia kwenye shimo, tumerudi hospitali.

Kwanza nilinunua kifaa cha sola mjini Arusha, kile cha kuchomeka ardhini, kinachowaka taa na kutoa mlio mwembamba mnyama akipita. Muuzaji alinihakikishia kwamba kimoja kinatosha uwanja mzima. Nikanunua viwili. Usiku wa kwanza mpaka wa tatu hakuja kitu, nikafurahi mno. Usiku wa nne waliingia, na asubuhi nikakuta alama za kwato hatua moja kutoka kwenye kifaa, chenyewe kimeangushwa chini na taa bado inamweka. Mnyama akishaona mwanga haumfanyi chochote, anauzoea. Kama una nungunungu au nguruwe, fedha hiyo usiipoteze.

Nikajaribu pia matambara yaliyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga. Yalisaidia kiasi, ila ukimwagilia au mvua ikinyesha inabidi uanze upya.

Babu mmoja jirani alinishauri nitege tanzi za waya. Namheshimu sana, lakini nilimwambia, "Babu, hapana." Kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Zaidi ya hapo, tanzi halichagui: litakamata digidigi, mbwa wa jirani, hata mguu wa mtoto anayekatiza kwenda shule. Mimi nilitaka wapite njia yao, wasiingie kwangu tu.

Aliyenisaidia ni fundi wa seng'enge wa hapahapa. Alizunguka uwanja, akatazama alama, akasema: "Dada, hawa hawaruki. Mnyama anachimba pale pua yake inapokutana na waya. Mpe waya wa kukanyaga, ataacha mwenyewe."

Alichofanya ni hiki. Alichukua wavu wa seng'enge wenye upana wa sentimita 180. Sentimita 120 akazisimamisha, na 60 zilizobaki akazikunja kuelekea nje, zikalala juu ya ardhi kama sketi. Kila nusu mita akapigilia kigingi cha nondo ya milimita 8 kilichopindwa kichwa, kisha akafunika sketi kwa udongo kidogo. Baada ya mvua za vuli nyasi zilipenya kwenye matundu zikaushika wavu, na sasa huwezi kuuinua hata kwa mikono miwili. Nilimuuliza kwa nini tusitumie waya wa kuku, ambao ni rahisi zaidi. Akasema nungunungu anautafuna, na kwa meno yale namwamini.

Mzunguko wangu ni mita 60, ukuta wa nyumba ukiwa upande wa nne. Nyavu, nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, vigingi na ufundi vilinigharimu kama milioni moja na laki mbili, na kazi ilichukua siku nne. Si fedha ndogo. Ila tangu Oktoba hakuna kipande cha ukoka kilichopinduliwa kwa kupita chini ya wavu. Jirani anayefuga nguruwe naye amevutiwa, kwa sababu nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wenyewe kuugua, na yeye hataki wakaribie banda lake.

Kasoro zipo. Waliingia mara moja, Januari, kwa kupita chini ya geti, kwa sababu pale fundi aliacha uwazi wa kiganja kizima. Ikabidi nimwage kizingiti cha zege. Ukiweka wavu, anza na geti. Pili, fyekeo linanasa kwenye sketi, kwa hiyo ukingoni nakata kwa mkono. Tatu, fuko hajali kabisa. Anatoka chini kwa chini na vichuguu vyake nasawazisha kila wiki. Nguchiro wadogo nao wanapita kwenye matundu na kuacha vishimo, ila hivyo mama anaviona na kuvikwepa.

Nimebadilisha pia saa ya kumwagilia, sasa ni alfajiri badala ya jioni, ili usiku udongo wa juu uwe mkavu. Na mchana nafungulia kuku wa kienyeji kwa muda wa saa moja wadonoe mabuu.

Kiangazi kimerudi. Wiki iliyopita nilikuta upande wa nje, kwenye kona ya mtoni, wamekwangua udongo mpaka waya ukaonekana, kisha wakaondoka. Vigingi viwili vya kona hiyo vimeshika kutu, na Jumamosi fundi anakuja kuvibadilisha.