Uzamili wa Biashara au CPA: Kipi Kimfae Mhasibu wa Dodoma?

Mhasibu mwenye shahada ya kwanza hapa Dodoma hujiuliza mara kwa mara: asome uzamili wa usimamizi wa biashara, au afanye mitihani ya CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu kinachotolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA)? Kwa gharama, CPA ina nafuu, kwani mtahiniwa anaweza kujisomea alfajiri kabla ya kwenda kazini, ilhali ada ya uzamili kwa wengi hugeuka mkopo unaokatwa kwenye mshahara.

Kwa uhakika wa kumaliza, uzamili unashinda. Ratiba, wahadhiri na wenzako darasani hukusukuma. Kwenye CPA, nimeona watu makini wakirudia somo moja mara tatu, wakilipa upya kila mara, na jambo hilo huumiza. Isitoshe, CPA hudai ada ya uanachama kila mwaka.

Anayetaka kusaini ripoti za ukaguzi hana budi kusajiliwa NBAA. Lakini mhasibu mwenye mashine ya kukamulia alizeti Kibaigwa, anayehangaika kupanga bei ya mafuta na kutafuta soko la mashudu, atapata msaada zaidi katika darasa la uzamili, mradi ada isile mtaji wa msimu.