Mtoto kuimba Kiingereza: aanze kutamka maneno au aige wimbo moja kwa moja?

Hii mada haiishi, wengine wanasema mtoto atamke kwanza maneno kwa mdundo bila tyuni, wengine wanasema mwache asikilize aige tu.

Shida yenyewe iko hivi: kwenye Kiswahili kila silabi inapata nafasi karibu sawa, mkazo kwa kawaida ni silabi ya pili kutoka mwisho, ila Kiingereza kinabana silabi dhaifu na kuvuta zenye mkazo, kwa hiyo mtoto anagawa noti sawasawa, anachomeka irabu katikati ya konsonanti, mstari unajaa silabi ambazo hazipo na anaachwa nyuma na wimbo. Sio kosa la sikio, ni lugha ya kwanza inafanya kazi yake!

Kwa usahihi wa mdundo kutamka kwanza kunashinda mbali, hasa wakipiga makofi kwenye mkazo tu. Kwa haraka na hamu ya watoto, kuiga ndio kunashinda. Ila kosa likishashikana na tyuni kulitoa ni kazi kweli, na anayeigwa lazima awe anaimba vizuri.

Una wadogo na wimbo mfupi wa kujirudia, waige tu. Wakubwa kidogo, maneno mengi, mnajiandaa kuimba mbele za watu, tamkeni kwanza. Na kama ni Kihispania, ambacho silabi zake zinakaribiana urefu kama zetu, mi naona kuiga kunatosha kabisa.