Viatu vya misumari juu ya majani yangu

Nilijiapiza siandiki kitu mpaka hasira zishuke. Wiki zinapita, hazishuki, basi naandika nazo.

Mbele ya nyumba yangu hapa Fuoni nina kiwanja kidogo cha ukoka. Wenzangu wana dhahabu, mimi nina majani. Mwaka huu tulimuozesha binti yangu pale pale nyumbani. Usiku wa kuamkia harusi mvua ikanyesha, na asubuhi kenta ya vyombo ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ikashusha viti, maturubali na masufuria ya pilau. Watu wakakaa siku mbili. Harusi ilipendeza, sisemi. Lakini baada ya hapo majani yakageuka manjano, na kila mvua ikipiga maji yanatuama, bata wangeogelea. Udongo wenyewe ni kinamo, niliujazia kutoka bondeni wakati wa kujenga, na kinamo ukikishindilia kikiwa kimerowa unapata sakafu. Nilichomeka bisibisi, ikaingia nusu ya kidole ikagoma.

Nikaelekezwa kwa bwana mmoja wa mambo ya bustani. Simtaji. Maneno yake matamu kama halua ya Pemba. Kanambia ana mashine inayong'oa vipande vya udongo, vinene kama kidole, kina cha sentimita 8 hivi, ili mizizi ipate hewa na maji yapate njia. Nikamtumia laki na nusu kwa simu. Yote. Mjinga mimi.

Siku ya kazi wakaja vijana wawili juu ya boda moja. Mashine hamna. Mmoja kafungua kiroba, katoa kandambili za plastiki zenye misumari chini na mikanda ya kufungia juu ya viatu. Akavaa, akaanza kutembea juu ya majani yangu polepole kama bibi harusi anaingizwa ukumbini. Nilicheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki.

Msumari hautoi udongo. Unausukuma pembeni tu, na katika kinamo kuta za lile tundu zinazidi kukaza. Kwenye kichanga labda ingepita. Tena ardhi ilikuwa kavu kauu, kwa sababu hakuna aliyenambia nimwagie maji siku moja kabla. Misumari ikawa inapinda, kijana anayumba, kakumbatia mpapai wangu asianguke.

Nikampigia bwana mkubwa. Akaja, na hapa ndipo. Mimi mtu mzima, nimesomesha skuli zaidi ya miaka 30, kijana sawa na mwanangu wa pili ananipita bila shikamoo. Namuuliza mashine iko wapi. Akatazama kiwanja, akanitazama mimi na buibui langu, akasema: "Bi mkubwa, majani ni majani tu. Kwani unataka kuyala?"

Mbele ya vijana wake. Na jirani yupo dirishani.

Neno hilo nimepika nalo, nimelala nalo, na Mungu anisamehe, nimesali nalo. Laki na nusu nimeshaisahau, karibu. Hilo "kuyala" sijalisahau. Kwa hiyo nilikuwa nataka kuwaambieni msimpe kazi yule, hata ya kufagia uwanja.

Sasa kuna jambo linaniharibia. Kama siku tatu baadaye yule kijana wa kandambili karudi peke yake baada ya alasiri, kwa miguu, jembe uma begani. "Shikamoo mama. Naomba nije kumalizia." Jioni ile kamwagia maji. Keshoye asubuhi kaanza: anachoma uma mpaka meno yazame, anautikisa nyuma na mbele, anasogea upana wa kiganja, anachoma tena. Mpaka adhuhuri. Uma nao hautoi udongo, najua, lakini ule mtikiso unaupasua. Kisha kamwaga mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kaufagia uingie matunduni yasijifunge. Pesa kakataa. Kala chakula, na maandazi ya kuchukua nikamlazimisha.

Mvua mbili tatu zimeshapita. Maji hayatuami tena, isipokuwa ile pembe ya mlangoni lilipokaa gurudumu la kenta. Ukoka unatambaa, bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Basi nikaanza kulainika. Nikasema labda bwana mkubwa siku ile alikuwa na yake moyoni, labda kijana kaja kwa amri yake, nami namsengenya mtu bure. Nikamuuliza yule kijana: "Kakutuma yeye?" Akainamisha kichwa, akacheka.

Jana shoga yangu wa Mbweni kanitumia picha, ananiuliza, hapa si kwako? Ni kwangu. Majani yangu, kijani hasa, na kwa nyuma kanga yangu imeanikwa kambani. Kaja kupiga saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Bwana mkubwa kaiweka kwenye tangazo lake, na chini kaandika kazi imefanywa kwa mashine ya kisasa.

Nimempigia mara nne, hapokei. Kanga nimeshaianua.