Serena Ipi Ulipie? Mpangilio Wetu, Kuanzia Mara Hadi Shangani

Jina ni moja, lakini hoteli za Serena hazifanani. Kundi hili liko chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Kiuchumi, limekuwapo Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na chakula, usafi na mapokezi yake havitofautiani sana kutoka hoteli moja hadi nyingine. Ndiyo maana wasafiri waliozoea kulala Serena hawabishani kuhusu vitanda wala supu. Wanabishana kuhusu mahali: hoteli iko upande gani wa geti, unaona nini ukiwa umekaa tu barazani, na saa ngapi za safari yako zitaishia barabarani. Sisi pia tumezipanga kwa mizani hiyo.

Kwanza, hesabu fedha yote

Bei ya chumba ni sehemu tu ya gharama. Serena za mbugani kwa kawaida huuzwa kwa kila mtu kwa usiku, pamoja na milo mitatu. Vinywaji, kiingilio cha hifadhi, gari na dereva ni juu yako, isipokuwa vocha iseme vingine. Ukilala ndani ya hifadhi za Tanzania kuna pia tozo ya kulala hifadhini, kwa kila mtu kwa kila usiku, na wakala wengine huiacha nje ya bei ya kwanza wanayokutajia ili ionekane nyepesi. Uliza kwa maandishi: tozo hiyo imo? VAT imo, yaani asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya? Mtoto wa miaka mingapi analala bure, na akihitaji kitanda cha tatu analipa kiasi gani? Anayelala peke yake anaongezewa ngapi?

Raia na wakazi wa Afrika Mashariki wana bei yao, na tofauti yake na ile ya dola ya wageni si ndogo. Ukitajiwa bei ya dola nawe una kitambulisho, usilipe. Omba bei ya wakazi. Kisha beba kitambulisho au pasipoti ya kila mtu aliyeandikwa, maana mapokezi wataikagua na asiyeonyesha anaweza kudaiwa tofauti papo hapo.

Kuhusu msimu, Aprili na Mei bei hushuka kwa sababu ya masika, na Julai hadi Oktoba pamoja na Krismasi hupanda. Ubaya wa masika haufanani kila mahali. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama sehemu kubwa ya Mara, gari lisilo na foo-wili litakwama. Ngorongoro tatizo ni ukungu.

1. Mara Serena

Tunaiweka ya kwanza kwa sababu ya ardhi iliyoizunguka. Iko juu ya kilima ndani ya Mara Triangle, sehemu ya hifadhi ya Masai Mara ya Kenya iliyo upande wa magharibi wa Mto Mara, inayoendeshwa na Mara Conservancy na yenye hoteli chache sana kulinganisha na upande wa Narok, ng'ambo ya mto. Maana yake ni magari machache kwa kila simba. Vyumba vimejengwa kwa umbo la manyatta, vikiwa vimepangwa juu ya mteremko, na kutoka kitandani unaona mbuga yote ikishuka hadi mtoni. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wakiwa upande huu wa mpaka, vivuko vya mto viko karibu kiasi cha kuwahi baada ya kifungua kinywa na kurudi kula mchana.

Yanayoharibika hapa ni mambo ya tiketi na saa. Kiingilio cha mgeni wa nje hupanda hadi dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi huhesabiwa kwa saa 12, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Siku ya kuondoka, aliyelala ndani anatakiwa awe ametoka getini kufikia saa nne asubuhi, la sivyo analipa siku nyingine. Kwa hiyo yule anayepanga mzunguko mrefu wa asubuhi ya mwisho, kisha arudi kuoga na kufunga mizigo, ananunua siku nzima kwa ajili ya kuoga. Funga mizigo usiku, ipakie alfajiri, na mzunguko wa mwisho uwe ndio njia ya kutokea. Ukikata tiketi, taja hoteli unayolala, kwa kuwa Triangle na upande wa Narok zina utawala tofauti.

Kwa barabara kutoka Nairobi kupitia Narok, tenga siku nzima. Ukiingia kwa geti la Sekenani bado una safari ya kukatiza mbuga hadi daraja la Purungat la kuvukia Mto Mara. Kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, uwanja wa Mara Serena uko jirani na hoteli, ila mzigo ni kilo 15 kwa mtu na begi liwe laini. Sanduku gumu la magurudumu halitaingia kwenye tumbo la ndege hizo.

Ombi la chumba: vyumba vya mwisho wa safu vina utulivu zaidi, lakini kutembea ni kwingi. Mwenye magoti mabovu aombe karibu na mapokezi.

2. Ngorongoro Serena

Hapa unalipia ukingo. Hoteli imejengwa kwa mawe, imefunikwa na mimea inayotambaa hadi ukiwa chini kwenye kreta ni shida kuiona, na vyumba vyake 75 vinatazama ndani ya kreta. Iko upande wa magharibi wa ukingo, karibu na barabara ya kushukia ya Seneto, na hilo ndilo linaloipa nafasi ya pili. Geti la kushukia hufunguliwa alfajiri. Aliyelala Karatu anapaswa kuamka usiku, apite geti la Loduare, apande msitu, kisha azunguke ukingo. Wewe unaamka, unakunywa chai, unashuka. Saa mbili za mwanzo ndani ya kreta, kabla magari hayajajaa, ndizo zenye simba wanaotembea na faru aliye wazi.

Kibali cha Ngorongoro ni cha saa 24, na kushuka kreta kuna malipo ya peke yake kwa kila gari. Kwa kuwa ni kwa gari, watu sita kwenye Landikruza moja hulipa kidogo kila mmoja kuliko wawili. Mkiwa wawili tu, mume na mke, tafuteni wenza wa gari kabla ya kufika Arusha.

Baridi. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku unataka sweta zito, soksi na kofia. Watu hutoka Dar na fulana wakidhani mbuga ni joto, kisha hushindwa kukaa roshani waliyoilipia. Ukungu nao huweza kuziba kreta hadi saa nne asubuhi. Usiku mmoja ni bahati nasibu, usiku wa pili hukupa asubuhi nyingine ya kujaribu. Ngazi na korido ni nyingi, kwa hiyo wazee wasipewe chumba cha mwisho.

3. Kilaguni

Wengi wataipinga nafasi hii, hasa wanaopenda hoteli mpya. Kilaguni, iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, ilijengwa mwaka 1962, ya kwanza ndani ya hifadhi ya taifa ya Kenya, na umri huo unaonekana kwenye baadhi ya vyumba. Lakini kwa familia inayolipa kwa shilingi zake, hakuna Serena inayokupa wanyama wengi kwa mafuta machache hivi.

Ukumbi wa kulia uko wazi upande mmoja, na mbele yake, hatua chache tu, kuna dimbwi. Tembo wa Tsavo hufika wakiwa wamepakaa vumbi jekundu. Nyati husubiri zamu. Jioni taa huwashwa na wanyama huendelea kunywa nawe ukiwa na sahani mkononi. Pimbi hukimbia kwenye mawe chini ya meza. Nyuma yake yote kuna vilima vya Chyulu, na anga ikitakata, Kilimanjaro. Mtoto wa miaka minne asiyevumilia saa tatu ndani ya gari ataona hapa zaidi ya aliyezungushwa Mara kutwa.

Sharti ni moja: nenda kiangazi. Mvua ikinyesha, maji yako kila mahali Tsavo na dimbwi la hoteli halina sababu ya kutembelewa. Julai hadi Oktoba, au Februari, ndiyo miezi ya kulipia chumba kinachotazama dimbwini. Novemba chukua cha kawaida. Ukiwa huko, chemchemi za Mzima ziko karibu, na uwanda wa lava wa Shetani pia.

Treni ya SGR, reli ya Nairobi hadi Mombasa, ile inayosimama kila kituo, hukushusha Mtito Andei, jirani na geti. Gari la kukupeleka hotelini lipangwe kabla, kwani hakuna kutembea wala bodaboda ndani ya hifadhi. Viingilio vya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa njia ya mtandao. Noti hazipokelewi getini. Na tangu Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya, basi beba chupa yako ya kujaza.

4. Sweetwaters

Kambi ya mahema ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, Kenya. Mahema yana kitanda kamili na choo ndani, mengine yakitazama dimbwi la wanyama na mengine yakitazama vichaka. Hii ndiyo Serena ambayo kosa la chumba linauma zaidi. Andika neno "dimbwi" kwenye ombi lako, na usubiri jibu linalolikubali. Ol Pejeta ndiko waliko Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, na pia kuna hifadhi ya sokwe. Kiingilio chake hakihusiani na KWS, na kuwaona Najin na Fatu hulipiwa peke yake. Usiku ni baridi kali. Mfuko wa maji ya moto utakaoukuta kitandani una kazi.

5. Zanzibar Serena

Iko Shangani, kwenye jengo la zamani la kampuni ya simu za chini ya bahari, na machweo unayapata ukiwa kwenye bwawa la kuogelea. Kwa usiku mbili za Mji Mkongwe hatuijui mbadala bora ndani ya kundi hili: Forodhani kwa miguu, vichochoro nyuma yako, bandari karibu. Lakini anayetaka kuogelea baharini asiichague. Maji ya mbele ni ya mashua na vyombo, na ufukwe wa mchanga ni mwembamba. Mgawanyo unaofaa ni usiku mbili hapa, kisha hamia Nungwi, Paje au Matemwe, kwa hoteli ya kundi lolote.

6. Amboseli Serena

Tembo ni wengi kweli, maana hoteli iko kando ya kinamasi cha Enkongo Narok. Kinachowakera wageni ni kwamba wamekuja na picha ya Kilimanjaro kichwani, wakidhani kila dirisha litawaonyesha. Hoteli imezungukwa na miti. Mlima utautafuta kwa gari, alfajiri au jioni, kabla ya mawingu na baada yake. Tumbili nao ni mafundi wa milango. Komeo lisiposukumwa hadi mwisho, atafungua, atachukua vipakiti vya sukari kwenye sinia ya chai, na atakuachia unga wa maziwa kitandani.

7. Serena ya Shanzu, Mombasa

Imejengwa kama mji wa Waswahili, na vichochoro vyake na milango ya kuchonga vinapendeza. Familia huisifu kwa bustani na bwawa. Ila soma maji kabla ya kuchagua tarehe: siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hutoka mbali panapo saa nne asubuhi na kujaa panapo saa kumi alasiri. Hizo ni siku nzuri za kutembea hadi mwambani na viatu miguuni. Kwa kuogelea, siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, ndizo rahisi kwa watoto.

Zilizobaki

Serena ya Manyara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, iko nje ya hifadhi, hivyo haina tozo ya kulala ndani. Ni kituo kizuri kati ya Arusha na Ngorongoro, usiku mmoja tu. Serena ya Serengeti ina vyumba vya msonge vinavyopendeza, lakini Serengeti ni kubwa na nyumbu huhama: muulize wakala watakuwa wapi mwezi wako kabla ya kujifunga na hoteli isiyohama. Elmenteita inafaa wapenda ndege. Za mijini, yaani Nairobi, Dar, Kampala na Kigali, ni za mikutano; mwenye safari ya mapumziko alale hapo usiku wa ndege tu.

Ukishalipa malipo ya awali, omba barua pepe yenye mambo manne: aina ya chumba na upande unaotazama, milo iliyomo, tarehe ya mwisho ya kughairi bila kukatwa, na nani analipa tozo za hifadhi. Ombi la kutazama dimbwi au mto lililosemwa kwenye simu halifiki kwa anayepanga vyumba.