Jaribio linaloyumba: kulirudia au kulichimba?
Jaribio la programu leo linapita, kesho linafeli, na hakuna aliyegusa msimbo. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, unaweza kuliendesha tena. Likipita mara ya pili, kazi za wengine hazikwami. Ni msaada wa kweli, ila hitilafu inabaki palepale.

Kuchimba chanzo chake kunachosha zaidi. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python hubadilisha heshi za matini (namba inazokokotoa kutokana na maneno) kila programu inapoanza, hivyo mpangilio wa seti ya maneno nao hubadilika. Jaribio linaloutegemea linaweza kuyumba. Weka PYTHONHASHSEED=1 (namba inayoamua heshi hizo), kisha 2, kisha 3, hadi lifeli. Ukiipata namba hiyo, litafeli kila ukiliendesha, na kosa utaliona waziwazi. Mimi huchimba, hata ikinila siku nzima. Kurudia nakubali toleo jipya likiwa mlangoni tu.