Kava ya meno: kung'oa wanalipa, kuvisha jino kofia hawalipi (uzoefu wangu)

Jamani naandika hii manake naona watu wengi wakishasikia "meno yamo" basi wanatia sahihi, na mimi ndivyo nilivyofanya. Novemba 2024 nilichukua kava ya familia, yaani bima, mimi, mume wangu na watoto wawili, ajenti alinijia hapa sokoni Marikiti, Mombasa, ninapouza madera, akafungua broshua akaweka kidole pale penye meno, kwamba wanalipia mpaka shilingi 15,000. Nikamuuliza, meno yote? Akanambia yote dada, meno yamo. Nikalipa.

Januari niko kwenye feri narudi Likoni, natafuna mabuyu, mara nikasikia kah! Gego la chini kushoto limepasuka, kipande nikakitema mkononi chekundu nikadhani damu kumbe ni rangi ya mabuyu. Asubuhi yake nikapigia bima, ndipo naambiwa meno yana kungoja miezi mitatu tangu kava ianze, ukitibiwa kabla ya hapo unajilipia. Sababu yake naielewa, bila hivyo kila mtu angengoja jino lioze ndiyo anunue, lakini si ningeambiwa siku ya kulipa? Basi nikakaa na karafuu na maji ya chumvi na dawa za maumivu mpaka katikati ya Februari, na muda wote huo ufa unaingia ndani.

Daktari wangu wa siku zote hayumo kwenye listi yao kwa hivyo nikaenda kwa daktari wao wa Ganjoni. Akapiga eksirei, akanionyesha mstari mweusi mwembamba kama uzi umeshuka mpaka kwenye neva, akasema jino laokoleka, tutasafisha mizizi tuijaze kisha livishwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulifunika jino lote, manake gego likishachimbwa hivyo kuta zake hubaki nyembamba na ukilitafunia bila kofia litapasuka tena. Msichana wa mapokezi akaomba kibali bima. Jibu likaja, kusafisha mizizi ndiyo, kofia hapana. Nikauliza, na ningeng'oa? Kung'oa wanalipa yote. Yaani hapo ndipo nilipoumia kweli, kutoa jino nibaki na pengo nisilipe hata shilingi, au kulibakisha nitoe 26,000 za kofia mfukoni.

Nikarudi nyumbani nikautafuta mkataba wenyewe, sio broshua, mkataba ule mrefu waliotuma kwa imeli na sikuwahi kuufungua. Ukurasa wa 11 pameandikwa wazi kabisa vitu wasivyolipia: kofia, daraja, meno ya bandia, implanti, waya za kunyoosha meno, kung'arisha. Nilikuwa nishataka kwenda kulalamika IRA ile mamlaka ya bima, lakini ningelalamika nini na karatasi imesema? Kosa la ajenti ni la mdomo na mdomo sina ushahidi wake.

Na bado. Kumwona daktari 1,500, eksirei 1,000, mizizi 9,500, hiyo ni 12,000. Julai binti yangu ana matundu mawili ya kuziba, 3,500 kila moja, kliniki wananambia kwenye kava imebaki 3,000. Kumbe ile 15,000 sio ya kila mtu, ni ya nyumba nzima! Neno lenyewe ni "kwa familia", limo kwenye jedwali kwa herufi ndogo chini ya ile namba kubwa. Nikaongeza 4,000 mtoto akazibwa, alikuwa halali usiku kwa maumivu.

Novemba hii sikurudi kwao. Nilizungumza na broka mmoja na kabla hajafungua broshua nikamwambia nitumie mkataba wote kwanza, nikausoma kuanzia sehemu ya wasivyolipia. Niliyochagua ni 20,000 kwa kila mtu, mwaka mzima tunalipa zaidi kidogo ya ile ya zamani, kusafisha meno ni mara moja kwa mwaka, na kila ukienda unatoa 500 yako. Kofia hawalipi hawa pia, wala waya, na katika mikataba minne niliyosoma hakuna hata mmoja unaolipia waya, kwa hivyo pesa za waya za binti nimeanza kuweka kando kidogo kidogo. Lakini broka mwenyewe ndiye aliyenambia kabla sijauliza, na kungoja kwao ni miezi miwili, nikamwambia aniandikie hayo yote kwa WhatsApp akaniandikia.

Kofia yangu nilivishwa Septemba, pesa za madera ya msimu mzima zilikwenda hapo, lakini natafuna pande zote. Januari miezi miwili ikiisha tunakwenda kusafisha wote wanne, na kliniki nishauliza, kibali kinataka kuombwa siku mbili kabla.